Nyota Inayokula Mama Mkwe

Saa nne asubuhi, siku ya pili tukiwa ndani ya foleni, mama mkwe wangu aliniegemea begani, akashusha pumzi, akasema, "Udeni, nikishaliona Jino la Bwana Buddha, hata nikifa nitakufa nimeridhika."

Jamani! Maneno yote yaliyopo duniani, yeye kachagua hayo.

"Usiseme hivyo, Mama."

"Nisiseme nini? Kufa? Kwani wewe umeambiwa utabaki?"

Watu wa nyuma yetu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa najua kitu ambacho yeye hakijui, na hicho kitu kilikuwa palepale kifuani pake, kwenye bahasha ya plastiki aliyoikumbatia pamoja na maua ya yungiyungi. Karatasi mbili za nyota. Moja ya mwanawe Chinthana, mchumba wangu. Nyingine yangu. Ya Chinthana ilikuwa ya kweli. Yangu ilikuwa ya uongo.

Ngoja niseme yote haraka ndiyo mtajua hofu niliyokuwa nayo. Mimi nilizaliwa na nyota ya Aslisa. Kwetu kila mwanamke mwenye mtoto wa kiume anaijua hiyo nyota: msichana wa Aslisa akiolewa, mama mkwe hana maisha marefu. Wanasema inamla. Inamla polepole, leo miguu, kesho kifua, keshokutwa vitambaa vyeupe vimefungwa njia nzima na watu wanakuja kuzika. Mimi na Chinthana tulipendana miaka mitatu bila kuulizana habari za nyota. Lakini siku mama yake aliposema "leteni karatasi tulinganishe," mama yangu alipanda basi akaenda kwa mnajimu wa mji mwingine kabisa, asiyetujua, akamwambia nimezaliwa saa kumi na dakika thelathini na tano jioni.

Nilizaliwa saa kumi kasoro dakika kumi.

Dakika arobaini na tano tu! Ila siku hiyo, katikati ya hizo dakika, mwezi ulitoka Aslisa ukaingia nyota inayofuata, ambayo haina ugomvi na mtu. Karatasi ikatoka safi. Tulilingana mambo kumi na saba kati ya ishirini. Mama mkwe alifurahi mpaka akatutumia sinia zima la keki za mafuta, na siku na saa ya harusi ikapigwa kwa kutumia karatasi hiyohiyo.

Harusi ilikuwa imebaki siku tisa.

Sasa hii foleni. Kwa miaka kumi na sita Jino la Bwana Buddha lilikuwa limefungiwa ndani ya sanduku lake la dhahabu, na watu wanakuja Kandy kuabudu sanduku tu. Safari hii limetolewa tulione kwa macho, na kisiwa kizima kimevaa nyeupe kimepanda mlimani. Mara ile ya mwisho mama mkwe alikuwa ameshavaa sari, yuko mlangoni na viatu mkononi, mama mkwe wake yeye akaanguka bafuni akavunjika nyonga. Akavua sari. Akamuuguza miaka minne. Kwa hiyo hii ndiyo zamu yake, na hakutaka kuja na mwanawe.

"Wanaume wanachoka miguu," alisema. "Nitakwenda na mkwe wangu. Tuzoeane."

Tuzoeane! Maana tungeishi kwake. Alikuwa amemjengea Chinthana ghorofa juu ya nyumba yake kule Hettipola, vyumba viwili na roshani, ila jiko akaliacha moja tu, chini. Kwa makusudi kabisa. "Majiko mawili ni nyumba mbili," aliniambia.

Tuliingia foleni jana yake saa nane mchana. Kushoto vyuma vya kuzuia watu, vimefika kifuani. Kulia vyuma. Mbele migongo myeupe, nyuma vifua vyeupe. Foleni ilipita kando ya ziwa, ikapanda mtaa, ikashuka mtaa mwingine, ikarudi ziwani upande wa pili, yaani unaliona hekalu la Jino hapo ng'ambo, karibu kabisa, halafu foleni inakugeuza inakupeleka mbali nalo tena. Usiku tulilala tumekaa juu ya maboksi. Wenyeji walitupitishia wali na dengu kwenye vifurushi kupitia nafasi za vyuma, na chai ya giligilani na tangawizi, mpaka nikajiona kama ng'ombe zizini analetewa majani.

Nyuma yetu alisimama Gunapala, dereva wa bajaji kutoka Matara, bonge la mtu, na mwavuli wa mtoto wake wenye picha za bata. Huyo hakunyamaza hata dakika.

"Mama mkwe na mkwe foleni moja!" alisema. "Mimi mke wangu na mama yangu nikiwaweka hapa, mlango wa mbele anatokea mmoja."

"Wewe ndiye mbaya," mama mkwe akamjibu. "Ukiwapenda wote wawili sawasawa, hawagombani."

"Nawapenda sawasawa, Mama. Kwa mbali."

"Huyu wangu," akasema mama mkwe, akinipigapiga mgongoni, "nilimtafuta mpaka kwenye nyota. Kumi na saba kati ya ishirini! Uliwahi kusikia?"

"Mimi na mke wangu tulipata saba."

"Ndiyo maana umekuja na mwavuli badala ya mke."

Foleni nzima pale ikaangua kicheko. Mimi nilijifanya nafungua chupa ya maji.

Na hapo ndipo akalitoa lile jambo. Akasogeza mdomo karibu na sikio langu kama ananipa siri tamu. "Tukifika mbele ya Jino, nitainua karatasi zote mbili juu ya kichwa. Yako na yake. Wewe utashika upande mmoja na mimi upande mmoja. Nimelipanga hili tangu uchumba wenu."

Nikahisi vyuma vimesogea. Kweli kabisa, nilihisi vimesogea.

Nikatoa simu. Chaji asilimia kumi na moja. Nikamwandikia mama yangu: Mama, anataka tuinue karatasi mbele ya Jino.

Jibu likaja kabla sijameza mate: Inua.

Nikaandika: Ile ya uongo? Mbele ya Jino? Nitainuaje?

Kwa mkono, akajibu.

Mama, miguu yake imevimba. Anatoka jasho. Inaanza, Mama, nyota inaanza kumla.

Ana miaka sitini na tatu, amesimama siku mbili, ulitaka miguu yake ifanyeje, ichanue maua? Nyamaza. Ukifungua mdomo usirudi kwangu.

Asilimia tisa. Nikaizima skrini.

Saa sita milango ikafunguliwa, foleni ikaanza kutembea, na kutembea kwenyewe ni kama kuvuta gunia. Hatua tatu, simama. Hatua mbili, simama. Jua limesimama utosini. Mama mkwe alikuwa haongei tena. Mkono wake ulikuwa wa baridi, kwenye joto lile! Mdomo umepauka. Kila tukisimama anafumba macho, na mimi namwangalia kifua kama nahesabu. Kinapanda. Kinashuka. Kinapanda... mbona kimechelewa? Kinashuka.

Vijana wa huduma ya kwanza wakapita nje ya vyuma na machela. Nikawapungia kwa mikono miwili.

"Huyu hapa! Mama yangu anaumwa!"

"Mama, tukutoe?" akauliza mmoja.

Mama mkwe akafumbua jicho. "Unitoe unipeleke wapi?"

"Kwenye hema, ukapumzike."

"Halafu?"

"Halafu, eh... ukipata nguvu unaanza tena."

"Naanzia wapi?"

Kijana akageuka akaangalia. Mkia wa foleni hauonekani. Ulikuwa ng'ambo ya ziwa, nyuma ya mlima. "Mwisho," akasema taratibu.

"Nenda na machela yako, mwanangu. Ubarikiwe."

Wakaenda. Kweli nilitamani kupiga kelele. Yeye hatoki. Mimi siwezi kumwacha. Na kila hatua tunayopiga inanipeleka mahali ambapo nitainua uongo juu ya kichwa changu mbele ya kitu kitakatifu kuliko vyote nchini, huku mtu ninayemuua ameshika upande wa pili wa karatasi. Mbele kuna Jino, nyuma watu laki moja, kushoto chuma, kulia chuma.

Akayumba. Nikamdaka kiunoni. Akaniangukia kifuani mzito kama mchele uliolowa, na mimi nikasikia mdomo wangu unafunguka wenyewe.

"Mama, sogea mbali na mimi."

"Nini?"

"Usiniegemee. Muegemee Gunapala. Mimi nakudhuru."

"Jua limekupiga, mwanangu, kunywa maji."

"Mama, mimi ni Aslisa."

Alikuwa bado ameniegemea, kwa hiyo niliusikia mwili wake unavyokakamaa, kuanzia mabega hadi chini. Akajinyoosha. Akaniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza na hajapenda anachokiona.

"Sema tena."

"Nilizaliwa saa kumi kasoro dakika kumi. Ile saa ya kwenye karatasi ni ya kutunga."

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yangu."

"Na mwanangu?"

"Hajui. Naapa. Hajui kabisa."

Nilidhani atapiga ukelele. Hakupiga. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya chini: "Toka."

Nikaangalia kushoto. Nikaangalia kulia. Machozi yananitoka na kicheko cha wazimu kinanipanda kooni. "Nitokee wapi, Mama?"

Naye akaangalia. Kweli hapakuwa na pa kutokea. Akajaribu kunipa mgongo, lakini tulivyobanana, mgongo wenyewe ukanigusa. Hapo ndipo alipopandisha sauti sasa.

"Nimemlisha kwa mkono wangu! Usiku wa kuamkia leo nimemfunika shali yangu! Kumbe nimemfunika nyoka anayenila!"

"Nini tena?" akauliza bibi mmoja wa mbele yetu, mfupi, miwani mikubwa.

"Aslisa," mama mkwe akasema. "Wameniletea Aslisa na karatasi ya uongo."

Bibi akashika mdomo. Halafu akageuka polepole kumtazama mwanamke aliyekuwa amembebea mkoba. "Na wewe? Wewe uliniambia ni nyota gani?"

"Mama! Nimeolewa kwako miaka kumi na nane!"

"Nauliza tu."

Watu wakanisogea mbali, wale walioweza, yaani nusu unyayo. Gunapala peke yake ndiye aliyesogea karibu. Akaingiza tumbo lake katikati yetu kama ukuta, akafungua mwavuli wa bata juu ya vichwa vyote viwili.

"Haya," akasema. "Mpaka huu hapa. Kila mmoja akae nchi yake."

Tukaenda hivyo zaidi ya saa mbili. Hamjawahi kuona kitu kama kile. Umegombana na mtu ugomvi wa kuvunja harusi, na huwezi kuondoka, huwezi kujifungia chumbani, huwezi hata kulia peke yako. Lazima mtembee naye hatua tatu, msimame, hatua mbili, msimame, unasikia anavyokohoa. Na mambo yote yakawa yanapitia kwa Gunapala.

"Mwambie huyo msichana chupa ya maji anayo yeye."

"Dada, chupa."

"Mwambie Mama anywe kidogokidogo, asinywe kwa pupa."

"Mama, unaambiwa kidogokidogo."

"Mwambie nilikuwa nakunywa maji kabla mama yake hajazaliwa."

"Dada, unaambiwa..."

"Nimesikia, kaka."

"Mwulize," akasema mama mkwe baada ya hatua nyingi, "kwa nini hakunyamaza. Si angenyamaza tu? Nisingejua."

Gunapala akanigeukia. Jasho linamtiririka, na mara hii hakutania. Nikajibu bila kumpitia.

"Kwa sababu ulianza kuanguka."

Foleni ikatembea.

Saa kumi unusu tukafika pa kupekuliwa, na foleni ikapasuka mara mbili, wanaume huku, wanawake huku. Milango ilikuwa inafungwa saa kumi na moja. Nyuma watu wakaanza kusukuma, kila mtu anaomba asiwe yeye atakayefungiwa nje. Gunapala akachukuliwa na mto wa wanaume. Nikamsikia tu, "Mama! Dada! Nchi zenu mziangalie wenyewe sasa!" na mwavuli wa bata ukazama.

Tukabaki wawili. Ngazi za mawe mbele yetu. Mama mkwe akanyanyua mguu wa kwanza, goti likakataa. Akashika hewa. Nikasimama karibu, mikono nimeinyoosha, siigusi hata nguo yake. Niliogopa! Nikimshika namuua, nisipomshika anaanguka. Kama mnadhani nilikuwa na akili ya kuchagua, basi mnanisifu bure.

"Unasubiri nini?" akafoka. "Nikabebwe na polisi?"

Nikamshika. Tukapanda. Kila ngazi anatoa sauti kama mlango mkavu.

Askari wa kike akatupekua, akaniambia niache simu kwenye meza. Akachukua karatasi ya kuandikia jina. "Mko pamoja?"

Nikamwangalia mama mkwe. Sikuthubutu kujibu mimi.

"Simu ni ya kwake," akasema, akiangalia pembeni. "Mwandike yeye."

Ni hilo tu alilojibu.

Ndani palikuwa na harufu ya maua mpaka kichwa kinauma. Ngoma zinapigwa, watu wanaitika "Sadhu! Sadhu! Sadhu!", na wahudumu wa nguo nyeupe wanatusogeza kwa viganja mgongoni, songa mama, songa dada, usisimame, wengine wako nyuma. Kizingiti. Mwanga. Dhahabu nyingi, nyingi mno, na katikati yake mahali ambapo vichwa vyote vilikuwa vinageukia.

Macho yangu yalikuwa mikononi mwake.

Aliingiza vidole kwenye bahasha. Akatoa karatasi moja. Ikabaki moja. Akaikunjua ile, akainua juu ya kichwa kwa mikono miwili, midomo inakwenda haraka haraka. Nikaona muhuri wa bluu kwenye kona. Mnajimu wa Hettipola. Ya Chinthana.

Yangu ilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha ameibana kwapani.

"Songa dada."

Kiganja mgongoni, mlango, hewa, jua la jioni. Tumetoka. Siku mbili, miaka kumi na sita, tumetoka.

Tulikaa kwenye ukingo wa barabara upande wa ziwa kama watu mia tatu wengine waliokaa pale wakikandana nyayo. Nilikuwa nimeshachukua simu yangu, asilimia nne, missed call saba za Chinthana. Mama mkwe alinyoosha miguu mbele yake. Imekuwa kama viazi vikuu. Alikuwa analia na uso umetulia, machozi yanashuka tu kama si yake.

"Ni dogo," akasema. "Nilidhani kubwa. Ni dogo, zuri." Halafu, "Umeliona?"

"Hapana."

"Hapana vipi? Umesimama siku mbili!"

"Nilikuwa naangalia ungeinua karatasi gani."

Akafuta uso kwa pindo la sari. Nilianza kuvua pete ya uchumba kidoleni. Nilitaka kumpa kabla hajaidai, ilikuwa imebana kwa uvimbe, naizungusha haitoki, naona aibu, nazidi kuvuta.

"Unafanya nini?"

"Naitoa."

"Iache, utakata kidole." Akavuta pumzi. "Saa ngapi umesema? Ile ya kweli."

"Saa kumi kasoro dakika kumi."

"Mchana au asubuhi?"

"Mchana."

"Una hakika, au hiyo pia mama yako kaipamba?"

"Iko kwenye kadi ya hospitali. Kadi ninayo mimi. Mama aliniambia niichome, sikuichoma."

Akatikisa kichwa polepole. Akaanza kuhesabu kwa kidole gumba kwenye pingili za vidole vingine, kama wanavyohesabu wanajimu, midomo inacheza.

"Harusi ya baada ya siku tisa haipo," akasema.

Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye lami. "Nimeelewa, Mama."

"Hujaelewa kitu. Ile saa ilipigwa kwa nyota isiyo yako. Unataka kupanda jukwaa la harusi na mwanangu kwa saa ya msichana mwingine? Mnataka mwanangu aoe mzimu?" Akanigeukia, mara ya kwanza tangu mchana. "Itapigwa upya. Kwa hiyo nyota yako mbaya. Itakapoangukia, hata kama ni mwezi wa kumi, ndiyo hiyohiyo."

Nilitaka kumpigia magoti, kama tunavyowapigia wazee wetu, lakini pale kwenye ukingo miguu yake ilikuwa inauma hata kutazamwa.

"Usifurahi," akasema. "Sijamaliza. Nyumbani kwangu hutakaa."

"Sawa, Mama."

"Si kwa hasira. Hasira ninayo, lakini si kwa hiyo. Nyota ni nyota. Wewe umenishika, nimekuona ulivyonishika, lakini nyota haikuulizi kama una roho nzuri. Mimi nataka kuishi." Akaangalia ziwa. "Nilijenga ile ghorofa ili nisikie mtu anatembea juu yangu. Basi. Nitampangisha mwalimu."

Mimi huyu, ambaye lile jiko moja lilikuwa limenikosesha usingizi miezi, mimi ambaye nilikuwa namuuliza Chinthana kila siku kama haiwezekani tukapanga mahali petu, nilipewa nilichokitaka na sikujua nikiweke wapi. Ningemwambia nini? Kwamba si kweli? Mchana uleule mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia asogee mbali na mimi. Niliamini. Bado naamini, sijui. Kila akikohoa pale kwenye ukingo nilikuwa najisogeza kidogo.

Simu ikalia. Chinthana. Asilimia tatu.

"Lete," akasema mama mkwe, akaichukua mkononi mwangu. "Eh. Ni mimi... Tumeliona. Mimi nimeliona... Hapana, hajafa mtu, acha kupiga kelele. Nisikilize, simu inazimika. Harusi inasogezwa. Atakueleza mwenyewe kwa nini, na wewe utamsikiliza mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo, umenielewa? Halafu anza kutafuta nyumba. Nyumba! Ya kupanga. Ya kwenu wawili."

Nikasikia sauti ya Chinthana ndogo ndani ya simu, anauliza kitu.

"Mbali," akasema mama mkwe. "Tafuta mbali."

Akaniangalia mimi, akaangalia miguu yake, akaisogeza simu karibu zaidi na mdomo kama vile hataki nisikie, na mimi nimekaa palepale, bega kwa bega naye.

"Mbali, ila pawe na basi la asubuhi," akasema, "na la kurudi jioni."